Jiko la Rimu na Dizeli Iliyoganda

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujaza tangi hadi shingoni kabla hatujatoka Sydney, kisha kujaza madumu mawili juu yake. Tena nilijisifu moyoni. Naanza na hilo kwa sababu wengi wenu mliokuja Guildford, hapa Sydney, kwenye arobaini ya Mbaraka mliniona nikishuka kwenye lori nikiwa na masizi usoni, mkaniuliza kulikoni, nami nikawajibu kwamba safari ilikuwa ndefu tu. Haikuwa ndefu tu. Nimekaa nayo majuma matatu, nimeandika na kufuta, na sasa naiweka kama ilivyokuwa.

Kwa wasionijua vizuri: mimi ni Elia, mtu wa Makambako. Nina miaka ishirini na sita, na lori langu la dizeli la tani nne linanizidi umri. Ufundi sikusomea. Nimejifunza kwenye simu, nikirudia video moja mara kumi mpaka mikono ielewe. Mchana nahamisha vyombo vya watu, jioni nachomelea vyuma, na kati ya hayo mawili nina wasiwasi. Nikifunga nati, narudi kuikagua. Nikishaikagua, narudi kuona kama nimeikagua.

Rafiki yangu Mbaraka, wa Tanga, alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la kondoo huko milimani, juu ya mji wa Cooma. Alifariki huko, tukamzika Sydney bila mama yake kuwepo. Mama huyo, Bi Mwanaidi, alifika siku ya thelathini na saba. Alitaka jambo moja tu: nguo na vitu vya mwanawe viwepo siku ya arobaini, vigawiwe mbele ya macho yake, kwa kuwa kesho yake anapanda ndege kurudi. Tena alitaka kuvifuata mwenyewe. Mwenye lori nilikuwa mimi.

Kulikuwa na jambo jingine. Bi Mwanaidi aliambiwa kwamba mwanawe alilala asiamke. Ni kweli. Hakuambiwa kwa nini hakuamka. Umeme ulikatika usiku wa theluji, Mbaraka akaingiza jiko la mkaa chumbani, akaziba madirisha. Wazee wetu walikubaliana asielezwe. "Mwacheni arudi na moyo mwepesi," walisema. Niliafiki haraka kuliko wote, kwa sababu ambayo wao hawakuijua. Jiko lile nililitengeneza mimi.

Villawood hadi Ingleburn

Lori hulala kwenye yadi ninayopanga Villawood, hapahapa Sydney. Kwa juma zima nililiandaa kwa ajili ya baridi. Nilibadilisha betri. Nilimwaga maji ya rejeta nikaweka ya kuzuia kuganda. Niliweka oili nyepesi zaidi, nikazipima plagi za kupasha moto, zile zinazoamsha injini ya dizeli asubuhi, moja baada ya nyingine. Nilinunua minyororo ya matairi, nikafanya mazoezi ya kuivalisha huku jua likiwaka na majirani wakinicheka. Niliandika orodha ya mambo thelathini na moja, nikayatia alama yote.

Dizeli haikuwemo kwenye orodha. Mimi ni mtoto wa dereva wa malori ya Tunduma. Baba alinifundisha kwamba mafuta unayaweka nyumbani, kwa mtu unayemjua, kwa sababu njiani watakuuzia yaliyochakachuliwa, dizeli iliyotiwa mafuta ya taa. Yeye mwenyewe alifukuzwa kazi kwa kusingiziwa uchakachuaji. Tangu siku ile hakushika tena usukani wa lori la mtu. Kwetu neno hilo halitamkwi mezani.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi tulisimama Ingleburn, ukingoni mwa Sydney, kwenye kituo cha mafuta ninachokiamini, nikajaza. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa juu kwenye kiti, koti kubwa la kuazima juu ya baibui, kapu mapajani. Nilizunguka lori nikigonga matairi na kukaza nati za magurudumu. Nikazunguka tena, na tena.

"Elia mwanangu," aliniita kutoka dirishani, "umetufu mara tatu. Hijja imeshakubaliwa, twende."

Ingleburn hadi Goulburn

Alizungumza njia nzima, na kila alichokizungumza kilikuwa Mbaraka. Mbaraka alivyoogopa kuku. Mbaraka alivyokataa kunyolewa. Alimtaja kwa wakati uliopo, kama mtu aliyetutangulia kuchemsha chai. Mimi nilishika usukani kwa mikono miwili na kuitikia "ndiyo mama", huku jasho likinitoka wakati nje watu wamevaa sweta.

Goulburn tulisimama kula. Kapuni kulikuwa na mikate ya kumimina na chupa ya chai ya tangawizi, lakini alitaka kitu cha moto. Alikubali chipsi, kwa sharti niulize kama mafuta yake yamekaanga nguruwe. Niliuliza. Msichana wa kaunta alishtuka, akamwita mwenzake, wakaanza kusugua karai jingine.

"Akila kidogo tu anaweza kufa?" aliniuliza kwa Kiingereza, macho yamemtoka.

Nilimfasiria Bi Mwanaidi. Akatikisa kichwa taratibu. "Mwambie sifi. Ila nitaulizwa."

Sikujua namna ya kulisema hilo kwa Kiingereza. Nikajibu kwamba ndiyo, ni hatari. Tukapewa chipsi ndani ya boksi lililoandikwa onyo la mzio kwa kalamu nyekundu kila upande, na msichana akatusindikiza hadi mlangoni akimwangalia mama yule kama mtu atakayeanguka wakati wowote. Tulichelewa dakika arobaini. Bi Mwanaidi alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha, bila kubadili sauti, aliuliza, "Mbaraka alipolala ile siku, alikuwa ameshakula?"

Nikasema sijui. Hilo lilikuwa kweli.

Goulburn hadi Cooma

Baada ya Goulburn nchi ilibadilika. Nyasi zikawa za rangi ya mifupa, miti ikapungua, mawingu yakashuka karibu na barabara. Mimi nimezaliwa kwenye baridi. Njombe na Makambako kuna asubuhi ambazo majani hugeuka meupe kwa baridi na migomba hunyauka. Nilimwambia Bi Mwanaidi asiwe na shaka, baridi naijua.

Cooma kulikuwa na kituo cha mafuta chenye kibao kilichosema wana dizeli ya milimani. Nikadhani ni mbwembwe za kibiashara, kama maji ya chupa yanayoitwa ya chemchemi. Nikasimama kando, nikamimina madumu yangu yote mawili ya Ingleburn ndani ya tangi, nikapita nikiringa. Dereva mmoja wa lori la kondoo alinitazama nikimimina. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema, akaufunga.

Cooma hadi shambani

Tulifika saa kumi jioni. Kuanzia pale lami inapokwisha, miti ilikuwa imekufa imesimama. Ni mabaki ya moto wa misitu wa miaka iliyopita: mashina meupe yasiyo na jani, maelfu, kila mti umeinamia upande wake. Bi Mwanaidi alinyamaza kwa mara ya kwanza siku ile. Chini bondeni lilionekana ziwa la kijivu. Baadaye mwenye shamba alituambia kuna mji ndani yake, ulifunikwa zamani bwawa lilipojengwa, na maji yakipungua huonekana ngazi za nyumba zinazopanda mahali pasipo na nyumba.

Mwenye shamba ni mzee anayeitwa Colin. Alivua kofia alipomwona Bi Mwanaidi, akabaki ameishika tumboni. Alitupeleka kwenye kibanda cha mbao alichokuwa akilala Mbaraka. Nje ya mlango, juu ya nyasi, lilikuwepo jiko.

Nalifahamu kila pindo la jiko lile. Nililitengeneza kwa rimu ya gari, miguu mitatu, mlango mdogo wa hewa unaofunguka kwa bawaba, vishikio viwili vya nondo, na herufi E niliyoichomelea chini mahali pasipoonekana. Nilimpa Mbaraka siku ya Idd, tukachoma nyama uani, kila mtu akasifu. Nilikesha siku tatu nikilisugua mishono. Sikumwambia kitu chochote kuhusu moshi usioonekana. Niliogopa angeniona namfundisha mtu mzima kuwasha mkaa. Jiko sasa lilikuwa na ganda la barafu, na mshono wangu ulikuwa mzuri vilevile.

Colin alilinyooshea kidole. Alisema, kwa Kiingereza chake cha puani, kwamba alimkataza Mbaraka kuliingiza ndani, kwamba usiku ule umeme ulipokatika yeye Colin alipaswa kwenda kumwangalia lakini hakwenda, kwamba angelitupa ziwani lakini aliona si haki yake, na tafadhali tuliondoe machoni pake.

Bi Mwanaidi alinigeukia asikie.

"Anasema pole sana, mama."

Akanitazama. "Kasema maneno mengi, wewe umenipa mawili."

"Kiingereza kina maneno mengi, mama."

"Mtu hatetemeki kidevu kwa kusema pole," alisema, akaingia ndani.

Chumba kilikuwa kisafi. Colin alikuwa ameshaondoa matandiko. Lakini dirisha lilikuwa bado na utepe wa gundi wa kahawia, umebandikwa pande zote nne, pembe zimekatwa sawasawa. Bi Mwanaidi aliupitisha kidole polepole, juu, kando, chini, kando, mpaka akarudi alipoanzia.

"Alikuwa anasikia baridi, mwanangu," alisema.

Tulipakia: mabegi mawili ya nguo, viatu vya kazi, redio, msala, vyombo vya kupikia, gunia la mkaa lililobaki nusu, na saa ya mezani ya plastiki yenye umbo la msikiti, ile inayotoa adhana. Jiko nililisukuma ndani kabisa, nikalifunika kwa turubai. Vitu vyote vya betri nilivitoa betri visijiwashe njiani, nikazitia mfukoni. Hiyo ndiyo kazi yangu, huwa sisahau.

Colin aliniuliza nimejaza mafuta wapi. Nikasema Ingleburn. Akapiga mluzi. Akaingia stoo, akatoka na dumu la lita ishirini la mafuta ya taa, akasema nichanganye kwenye tangi sasa hivi, kabla baridi haijashuka.

Nilihisi masikio yanawaka. Nilimwona baba, amekaa kwenye kiti cha mbao, mikono haina kazi. Nikamjibu Colin kwa adabu kwamba mafuta yangu ni safi, sichanganyi.

"Ni lori lako," alisema.

Bi Mwanaidi hakuelewa neno, lakini aliona mtu ananyoosha mkono na mwingine anaukataa. Akashuka ngazi, akalipokea dumu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. "Ahsante, baba." Kisha kwangu, chini kwa chini: "Msibani hukatai cha mtu. Hata kama ni kibiriti." Nikaliweka nyuma ya kiti ili yaishe.

Shambani hadi uwandani

Tulilala kwa Colin, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi Guildford kabla ya alasiri, maana kisomo kilipangwa baada ya swala hiyo. Kipimajoto cha Colin kilisema tisa chini ya sifuri. Lori liliwaka mara ya kwanza, nami nikatamani wale majirani wa Villawood wangeliona. Bi Mwanaidi alisema ataswali njiani ukiingia wakati. Alikuwa na dumu dogo la maji ya udhu miguuni, ndani ya blanketi moja tulilokuwa nalo.

Kwenye uwanda ukungu ulitumeza. Taa ziliangaza ukuta mweupe hatua kumi mbele. Baada ya kama dakika ishirini na tano, lori likaanza kupumua vibaya. Nilikanyaga, halikuitika. Lilivuta, likalegea, likavuta kidogo, likazima. Likateleza kimya mpaka kando ya barabara, kama limechagua lenyewe mahali.

Nilishuka na tochi. Nilifungua kikombe cha fileta, chujio la dizeli. Kilichokuwemo hakikuwa mafuta. Kilikuwa kitu kizito cheupe. Mmeshaiona chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya mwezi wa saba? Ndivyo ilivyokuwa dizeli yangu safi. Injini ilikuwa nzima, betri nzima, oili nzima, mambo thelathini na moja yote mazima, na lori limekufa kwa sababu ya lile nililolijaza kwa majivuno. Mafuta ya Sydney hayakuwekwa dawa ya baridi ya namna hii. Hiyo ndiyo maana ya dizeli ya milimani kwenye kile kibao cha Cooma.

Simu haikuwa na mtandao. Niliweka taa za tahadhari, nikarudi kwenye kiti. Tulisubiri gari lipite. Halikupita. Joto la hita lilitoweka haraka, na pumzi zetu zikaanza kuganda kwenye kioo kwa ndani, mistari mirefu myembamba. Nilimfunika Bi Mwanaidi blanketi na koti langu. Mwanzoni alinitania kwamba mtu wa Makambako ameshindwa na baridi. Kisha utani ukapungua. Kisha akaanza kujibu kwa neno moja. Ana sukari, na mikono yake nilipoishika ilikuwa kama bomba la chuma.

Hapo nilisikia hatua. Kulikuwa na kitu kinatembea kwenye changarawe nje, polepole, kinasimama, kinatembea. Kilizunguka lori lote. Nilihesabu. Kilizunguka mara tatu, kama mimi nizungukavyo kabla ya safari. Nilimulika tochi dirishani, nikaona ukungu tu. Bi Mwanaidi alikuwa amefumba macho na midomo yake haitembei tena.

"Mama. Mama, usilale."

Hakunijibu.

Ndipo nyuma yetu, ndani ya mzigo, adhana ikaanza.

Ilikuwa sauti nyembamba ya plastiki iliyozibwa na turubai na nguo, lakini kwenye kimya kile ilijaza uwanda mzima. Betri nilizitoa. Nilizigusa mfukoni, mbili, baridi. Sauti iliendelea, hadi pale panaposema swala ni bora kuliko usingizi, na Bi Mwanaidi akafumbua macho.

"Mbaraka ameamka," alisema.

Ilinichukua muda kujua kwamba hakuwa amechanganyikiwa kabisa, alimaanisha saa. Akajivuta akakaa, akaniangalia mpaka fahamu zikamrudia.

"Elia, pana jiko nyuma. Nililiona ukilificha. Na mkaa upo. Liingize humu tupate moto, nakufa."

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Haliingizwi ndani."

"Kidogo tu. Tufunge madirisha."

"Hapana mama!" Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele mtu wa umri wake. Akarudi nyuma kwenye kiti, na hapo nikajua hakuna tena njia ya kupita. Ningekataa bila sababu, angeniona nina ukatili. Ningekubali, tungelala wote wawili asubuhi ile na tusiamke, na wazee wangekubaliana tena wawaambie nini watu wa kwetu.

Nikamwambia. Nilisema yote kwa mpigo, vibaya, bila mpangilio: umeme, theluji, jiko, mkaa una sumu isiyo na harufu, dirisha. Nilisema wazee walitaka kumlinda. Kisha nikasema, "Na jiko nililitengeneza mimi. Nilimpa mimi. Sikumwambia."

Bi Mwanaidi hakulia. Aliangalia mbele kwenye kioo kilichoganda. Nje nikasikia tena zile hatua. Safari hii nilimulika na nikaona. Alikuwa farasi. Farasi wa porini, wa kijivu, nywele za shingo zimeganda vipande vipande vya barafu, anatoa mvuke puani. Alisimama mbele ya lori akitutazama. Hakuna mtu aliyemfuga, na sijui alitaka nini kwetu.

"Ule utepe wa dirishani," alisema hatimaye. "Nimeupapasa wote. Nikasema, mwanangu fundi."

"Ndiyo, mama."

"Nilijua kuna neno. Wote mlikuwa mnanipa chakula kizuri mno." Akavuta mtandio. "Jiko linawaka nje?"

"Linawaka."

"Basi liwashe nje."

Uwandani, mpaka jua

Nililishusha. Nililiweka mbali na lori, nikatia mkaa, vidole havishiki. Kibiriti cha gesi kilikataa mpaka nilipokipasha kwapani. Mkaa ulikuwa umekula baridi, haushiki.

"Lile dumu la mzee," alisema Bi Mwanaidi kutoka mlangoni.

Nikatia mafuta ya taa kidogo kwenye mkaa, moto ukaruka. Rimu ikaanza kunguruma. Ule mlango mdogo wa hewa niliousawazisha kwa siku tatu ulivuta vizuri sana, na sikuwahi kuchukia kazi yangu kama dakika ile. Bi Mwanaidi alishuka akasimama upande upepo unakotoka, mikono mbele. Nilitaka sufuria ya maji ya kumwagia fileta na mabomba. Maji yaliyokuwepo yalikuwa ya udhu.

"Yapashe," alisema. "Mimi nitatayamamu." Akatafuta jiwe upande usio na theluji, akalipiga viganja mara moja kwa uso, mara moja kwa mikono. Akaswali pale kando ya barabara, kwenye msala wa mwanawe, akiuelekea upande ambao simu yangu ilisema ni Makka. Farasi alikuwa bado yupo, mbali kidogo. Mimi Mkristo, nilisimama na sufuria mkononi sijui niangalie wapi.

Alipomaliza, alinikuta nimelowa maji ya moto hadi viwikoni. Nilifunga matambara kwenye fileta, nikamwaga maji polepole, matambara yakatoa mvuke. Ile nta nyeupe iliyeyuka ikawa manjano. Lakini ndani ya tangi dizeli yote ilikuwa ileile, na ingeganda tena baada ya kilomita mbili. Nilijua la kufanya tangu jana yake. Mafuta ya taa hayagandi kwa baridi ile, na dumu la Colin lilikuwa mbele yangu.

"Unangoja nini?" aliuliza.

"Baba yangu alifukuzwa kazi kwa hili, mama. Kuchakachua."

"Alimuuzia mtu?"

"Hakufanya. Walimsingizia."

"Na hili unamuuzia nani?"

Nilijaza kikombe cha fileta kwa mafuta ya taa, nikamimina yaliyobaki ndani ya tangi. Harufu yake ilikuwa ya nyumbani, ya koroboi. Nikapampu kwa mkono mpaka hewa ikatoka. Nilipasha plagi mara mbili, nikageuza ufunguo. Lori lilikohoa, likatoa moshi mweupe mwingi kuliko ukungu wenyewe, likashika. Farasi aligeuka akaondoka, hakukimbia. Jua lilichomoza likiwa la rangi ya kikombe kisichooshwa.

Jiko niliacha lipoe. Nilimwaga mkaa, nikauzima kwa theluji. Nikauliza kama tuliache pale.

"Pakia," alisema Bi Mwanaidi.

Cooma hadi Guildford

Cooma niliongeza dizeli ya milimani, nikimwomba radhi kimoyomoyo mtu wa kibao. Bi Mwanaidi alikunywa chai mbili zenye maziwa, akapata rangi. Njia yote hakumtaja Mbaraka. Nilitamani amtaje. Karibu na Goulburn aliniuliza kama yule anayekufa hivyo anasikia maumivu. Nikamwambia nilichosoma, kwamba usingizi humchukua kwanza, japo pengine kichwa humuuma kabla. Sikupunguza neno. Akasema, "Ahsante kwa kunijibu yote."

Tuliingia Guildford watu wakitoka kuswali alasiri. Wengi wenu mliona yaliyofuata: alivyokaa kwenye mkeka na kugawa nguo moja moja, akimtaja kila mtu kwa jina. Hamkumsikia alipowaita wale wazee jikoni. Nilikuwa mlangoni. Alisema, "Mmenikirimu. Ila mlininyima kifo cha mwanangu, nimeletewa na kijana huyu barabarani." Hakupandisha sauti.

Saa ya msikiti niliifungua jioni ile. Betri zake zilikuwemo. Zile mbili mfukoni mwangu sijui nilizitoa wapi. Redio nayo ilikuwa na zake, tochi nayo. Nimehesabu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Jiko lilibaki la mwisho kwenye lori. Nilimuuliza Bi Mwanaidi alichotaka lifanyiwe. Alilitazama chini, akaliinamisha, akaiona ile E. Akaipapasa kwa kidole kilekile alichopapasia utepe.

"Chukua kilicho chako," alisema.

Sijui kama ni msamaha. Nimeyageuza maneno hayo kila upande, kama nati, na sijapata uhakika. Kesho yake nilimpeleka yeye na mabegi yake uwanja wa ndege. Aliniachia mkono wake niubusu.

Tangu hapo sijapanda mlimani na mafuta ya Sydney. Nimempigia baba simu nikamweleza nilichokitia kwenye tangi, akacheka, akaniuliza lori liliitika namna gani. Jiko la rimu lipo yadini Villawood, mbele ya mlango, nje. Bado natengeneza mengine watu wanapoagiza, lakini herufi E nimeiacha. Mahali pake, juu kwenye ukingo ambapo kila mtu anaona, nachomelea herufi kubwa tatu, NJE, na sikabidhi jiko kwa mtu mpaka nimemkalisha chini na kumwambia ni kwa nini.